Poda ya Mtoto Kwenye Shati la Mume Wangu

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha jiko langu likifuka moshi, jirani ameruka ukuta na ndoo ya maji, na mimi nimekaa sebuleni, mgongo nimeupa mlango, nachambua mchele huku naimba. Maharage yalikuwa yameshageuka makaa. Jirani alidhani nimezirai.

Sikuwa nimezirai. Nilikuwa sisikii harufu, basi.

Anayeingia leo nimweleze kwa kifupi, asije akatusimamisha njiani. Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha viatu. Mafua makali yalinipitia, yakakaa, yakaondoka, na yalipoondoka yakaondoka na pua yangu. Usoni ipo. Kazini haipo. Mchuzi wangu ukawa leo chumvi, kesho maji matupu, hadi wafanyakazi wakaniita Mama Bahatisha. Na nyumbani ndiyo hayo mliyoyaona.

Baada ya moshi ule mume wangu hakubishana tena na mimi. Ni seremala, mtu wa maneno machache. Alinishika mkono kama mtoto wa chekechea akanipeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa pua.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani, na upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa kila swali la kijinga duniani.

"Kuna dawa mpya ya kupuliza puani," akasema. "Bado tunaijaribu. Tunatafuta wagonjwa wa kujitolea. Nusu yenu mtapata dawa, nusu mtapata maji ya chumvi. Chupa zinafanana."

"Mimi nipo nusu ipi?"

"Sijui."

"Muuguzi anajua?"

"Hata yeye hajui."

"Sasa anajua nani?"

"Kompyuta."

"Basi nitafutieni hiyo kompyuta niongee nayo."

Akacheka, lakini hakunitafutia. Akanieleza kila kitu kwa utaratibu: kwamba naweza kuacha siku yoyote bila kuulizwa, kwamba inaweza kuwasha, kwamba huenda isinisaidie kabisa. Halafu akaongeza jambo moja.

"Pua ikianza kuamka, wakati mwingine inadanganya. Unaweza kusikia harufu ya kitu ambacho hakipo. Moshi, mpira unaoungua, kitu kilichooza. Ukisikia, utuambie."

Nikaweka saini. Ningeweka saini hata kwa kunyolewa kipara.

Chumba cha utafiti kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya maabara: viti vya plastiki, feni yenye kelele, na friji ndogo yenye kufuli. Muuguzi, kaka mmoja mrefu asiyejua kukasirika, alinifunga kitambaa machoni, akanisogezea kijiti puani.

"Hiki?"

"Hewa."

"Mama, lazima uchague kimoja. Limau, kahawa, sabuni au samaki?"

"Samaki."

"Umesikia samaki?"

"Hapana. Nina njaa."

Kundi letu lilikuwa na msusi mmoja aliyekosa pua kama mimi. Yeye alikuwa ameshaamua.

"Mimi nimepewa dawa yenyewe," akaninong'oneza. "Inawasha hasa."

"Hata yangu inawasha."

"Basi wewe na mimi tumepona, dada."

"Maji ya chumvi nayo yanawasha," muuguzi akasema bila kuinua kichwa.

Tukapuliza, kila mtu na chupa yake.

Nikapuliza asubuhi, nikapuliza jioni. Wiki zikaenda. Vijiti vikapita mbele ya pua yangu kama wageni mbele ya nyumba iliyofungwa. Nilianza kuamini kwamba chumvi yote niliyowahi kuzidisha kwenye mchuzi sasa inarudishwa kwangu kwa njia ya puani. Nikasema nikienda safari ijayo nawarudishia chupa yao.

Halafu siku moja pale kantini nilikuwa nakaanga vitunguu, nikageuka ghafla kwa sababu nilidhani mtu ameingia nyuma yangu.

Hakuna mtu.

Nikarudi kwenye sufuria. Akaingia tena. Ndipo nikatambua kwamba si mtu. Ni harufu.

"Mama Bahatisha, unalia nini?" msaidizi wangu akauliza.

"Kitunguu."

"Kila siku unakata vitunguu na hulii."

"Leo nimekisikia."

Yule mama akaacha mwiko akanikumbatia, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba msaidizi wangu anajipaka mafuta ya nazi.

Siku ile sikutembea kurudi nyumbani, niliruka. Nilikuwa na hamu ya harufu moja tu. Mume wangu, tangu ananichumbia, ananukia mbao, gundi na vanishi. Watu wengine wana picha za harusi, mimi nina hiyo. Aliporudi na kufungua mlango tu nikamvamia, nikabandika pua kifuani kwake.

"Kuna nini?" akauliza, mikono juu kama mtu anayepekuliwa na polisi.

"Nakunusa."

"Nimefanya nini?"

Nilivuta pumzi ndefu. Mbao, ipo. Gundi, ipo. Vanishi, ipo. Na chini yake, laini, tamu, imekaa kwenye shati kama mwenye nyumba: poda ya mtoto.

Nikasogea begani. Begani palikuwa na maziwa. Si ya dukani. Maziwa yaliyocheuliwa.

Sisi tuna binti mmoja tu. Ameolewa, anaishi na mumewe mji wa mbali, na mjukuu wetu wa kwanza alikuwa bado tumboni, hajafika hata karibu ya kufika. Kwa jirani hakuna mtoto mchanga. Karakana nzima ni wanaume wenye mvi.

"Umepitia wapi?" nikamuuliza.

"Kazini. Nitapitia wapi?"

"Siku hizi mbao mnazipaka poda?"

"Poda gani?"

"Ya mtoto. Hapa, na hapa."

Mume wangu hajui kusema uongo. Hilo nilikuwa naliamini kama ninavyoamini jina langu. Akakuna sikio, akatazama miguu yake, akasema taratibu, "Mke wangu, daktari si alisema pua ikiamka inadanganya?"

Alikuwa amenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Nikaenda kupakua chakula.

Lakini kesho yake poda ilikuwepo. Keshokutwa yake ikawepo, na sabuni ya kufulia juu yake. Jumapili, siku ambayo hakutoka, haikuwepo. Sasa niambieni, pua ya uongo inajuaje siku za wiki?

Safari iliyofuata hospitali nilimvuta muuguzi pembeni.

"Zile harufu za uongo. Zinaweza kuwa za poda ya mtoto?"

Akafikiri. "Watu hutuambia moshi. Mpira. Maji machafu. Poda ya mtoto, mama, sijawahi kuandika."

"Andika."

Akaandika. Kisha akanifunga kitambaa, na siku hiyo nikavitaja vijiti karibu vyote: limau, karafuu, kahawa, ngozi ya kiatu.

"Kwa hiyo nimepewa dawa," nikasema.

"Sijui, mama."

"Nimepewa maji?"

"Hilo nalo sijui. Wengine pua hurudi yenyewe. Wengine wanadhani imerudi, wanabahatisha vizuri."

"Kubahatisha ndiyo jina langu, mwanangu. Nataka jibu."

"Jibu litakuja majaribio yakiisha."

Msusi alikuwa anasikiliza, maana hana kazi nyingine. Tulipotoka kwenye korido akanishika kiwiko.

"Dada, mwanamume ananukia poda ya mtoto, hiyo haihitaji kompyuta. Ana nyumba ndogo. Na nyumba ndogo imeshazaa."

Niliwaza njia nzima. Ningependa ile harufu iwe ya uongo. Ikiwa ya uongo, nina mume lakini sina pua. Ikiwa ya kweli, nina pua lakini sina mume. Tangu lini mtu akajitolea kwa sayansi akatoka na mtihani wa namna hii?

Jumamosi mume wangu akasema anakwenda kumfungia mteja kitasa. Hakubeba sanduku la vifaa. Seremala anayekwenda kufunga kitasa mikono mitupu atakifunga kwa meno?

Nilimpa nafasi ya kufika kona, nikajifunga kitambaa kichwani, nikamfuata.

Niseme ukweli, mimi si mpelelezi. Mtu aliyekaa bila pua muda mrefu hafai kumfuata mtu mjini. Kila hatua kulikuwa na kitu kinaniita. Petroli. Vumbi lililomwagiwa maji. Gundi ya mtu anayeziba mpira wa baiskeli. Nilipofika mlangoni pa duka la mikate nikasimama kidogo tu, nikafumba macho, na nilipofumbua mume wangu hayupo.

Nilizunguka mtaa ule kama kuku aliyepotea banda. Nilikuwa nimekaribia kukata tamaa nilipoinua macho kwenye jengo moja la rangi ya krimu. Ghorofa ya pili, kwenye kibaraza, kulikuwa na mwanamume anaanika nepi.

Alikuwa amebana vibanio midomoni. Anachukua nepi, anaikung'uta, anainyoosha kwa viganja viwili kama anavyonyoosha ubao, anaibana. Mume wangu. Mtu ambaye nyumbani hajawahi kuanika hata leso yake.

Sikuamini macho yangu. Pua niliiamini.

Nikapanda ngazi. Nilikuwa nimetunga sentensi moja, nikaisema kimoyomoyo kila ngazi ili hasira isije ikanisahaulisha. Nikagonga. Mlango ukafunguka, na kabla sijaona vizuri aliyefungua nikaiachia yote.

"Nimekuja kuonana na mke mwenzangu."

"Mama," akasema aliyefungua.

Ni binti yangu.

Amekonda, ana gauni la kulalia, nywele hazijachanwa, na tumbo lile ambalo kwa simu alikuwa ananiambia linakua, halipo. Nyuma yake mume wangu alitokea kibarazani, kibanio kimoja bado mdomoni.

"Baba," binti yangu akamgeukia, "si ulisema pua yake haifanyi kazi?"

Mume wangu akatoa kibanio. "Mimi nilisema hatujui kama inafanya kazi."

Nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa na nguo za mtoto, nikazikalia.

Wakanieleza kwa kupokezana. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, mtoto njiti, mdogo wa kukaa kwenye kiganja. Kule mji wao hapakuwa na mashine za kumtunza, wakamleta huku, hospitali kubwa. Hospitali yangu. Mimi nikiwa chini nanusishwa vijiti, binti yangu alikuwa juu, amekaa pembeni ya kisanduku cha kioo, anahesabu pumzi za mwanawe. Walipotoka wakapanga nyumba hii ili wawe karibu na daktari. Na baba yake anajua siku zote.

"Kwa nini hukuniita?" nikamuuliza.

"Ungekuja."

"Ningekuja, ndiyo. Mimi si mama yako?"

"Ndiyo hilo, mama." Alikuwa anasema polepole, anatafuta maneno yasiyoniumiza na hayapati. "Ungekuja, ungetaka kupika. Ungetaka kumchemshia maziwa, ungeniambia nenda kalale. Na mimi nisingelala. Ningelala vipi? Nyumba ilikuwa inaungua na wewe unaimba."

Ningekasirika ingekuwa nafuu. Sikukasirika. Alikuwa amesema kweli, na mtu akikwambia kweli ukiwa umekalia nguo za mjukuu wako huna pa kuegemea.

"Sasa pua imerudi," nikasema.

"Una hakika?"

Nilifungua mdomo. Nikaona ile chupa ndani ya mkoba wangu, haina jina, ina namba tu. Nikamwona daktari na miwani yake.

"Nafikiri," nikasema.

"Unafikiri," binti yangu akarudia, bila ubaya.

Akaingia chumbani akarudi na kifurushi, akanipa. Sijui kama alinionea huruma au alichoka kukibeba. Mjukuu wangu alikuwa mwepesi kuliko mkate. Nikainamisha uso kwenye utosi wake. Yale niliyosikia pale siwezi kuyaeleza, na nikijaribu mhariri atanikata. Niseme tu kwamba ile poda ya kwenye shati la mume wangu ilikuwa salamu, na sasa nilikuwa nimefika kwa mwenyewe.

Tukiwa hivyo mkwe wangu akaingia na mkate kwapani. Ni karani wa posta, kijana mwenye heshima zake. Aliponiona alitaka kukimbia, akajikaza.

"Shikaboo, baba," akasema.

Mafua yalikuwa yamembana hata sikumlaumu kwa kunigeuza mwanamume. Nikamwitikia marahaba. Akapenga kamasi, akaniomba radhi kwa siri waliyoniwekea, akaniomba radhi tena kwa kupenga mbele yangu.

"Basi yaishe," mume wangu akasema. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua gunia. "Tunywe chai."

"Naweka sasa hivi," mkwe akasema. "Na mtungi wa gesi ni mpya, nimeubadilisha mwenyewe leo."

Akaingia jikoni, nikasikia sufuria ikijazwa maji. Mlango wa jiko ulibaki wazi nyuma yake.

Ndipo harufu ikaja.

Haikuja kwa nguvu. Ilipita chini chini, nzito, ya kukereketa, ikaizunguka poda na maziwa, ikanishika kooni. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, mtoto asipigwe na baridi. Nikasikia boksi la kiberiti likitikiswa.

"Usiwashe," nikasema.

Mkwe akatoa kichwa, bado akinigeuza mwanamume kwa mafua yake. "Baba?"

"Usiwashe hicho kitu. Gesi inavuja."

Wote wakasimama. Binti yangu akaenda mlangoni pa jiko, akanusa huku na huku. "Mimi sisikii kitu."

"Umekaa humu ndani tangu asubuhi, umeizoea. Mume wangu, wewe je?"

Mume wangu akavuta pumzi kwa uaminifu wote. Miaka yote ya vanishi na tina ya kuchanganyia rangi ilikuwa imekaa kwenye pua yake. "Nasikia poda," akasema kwa unyonge. Halafu akaniinamia, kwa upole ule ule wa siku ile ya shati. "Mke wangu, daktari si alisema? Moshi, vitu vilivyooza, vitu ambavyo havipo."

"Siku ile ulinidanganya."

"Siku ile nilikudanganya. Leo nakuuliza."

Mkwe akacheka kidogo, cheko la mtu anayetaka kumtoa mama mkwe wake wasiwasi. Akapenga tena. "Nimeufunga kwa mikono yangu. Nikiwasha mara moja tu, utaona hakuna kitu."

Binti yangu alikuwa ananitazama mimi, mikono yangu na kile kilichokuwemo. Niliyasoma mawazo yake kama bango. Nikiwa nimekosea, mimi ndiye yule aliyemwogopa: bibi asiyeaminika, leo haoni moto uliopo, kesho anaona usiokuwepo. Hatanipa mtoto huyu tena. Atakuwa na haki.

Na chupa yangu labda ni maji matupu.

Nikainuka na mjukuu wangu, nikatoka mlangoni.

"Mama, unampeleka wapi mtoto wangu?"

Nilikuwa nimeshaanza kushuka ngazi. Nikasikia miguu yake mitupu nyuma yangu, na viatu vizito vya baba yake nyuma yake. Tulifika chini kwenye mwanga, wote tunahema. Binti yangu akamnyakua mwanawe mikononi mwangu, machozi yanamtoka, akanigeuzia bega.

Nikatazama nyuma yao. Ngazi zilikuwa tupu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Amebaki," akasema bila kunitazama. "Amesema anawasha, ili ukae ukijua hakuna kitu. Ili uturudishie amani."

Nikavua viatu. Nikazikimbilia zile ngazi nikimwita mkwe wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nijitolee, nikaomba kwa moyo wangu wote kwamba ile chupa yangu iwe ni maji matupu, na pua yangu iwe imedanganya.